Iko, Ipo, Imo: Kipimo cha Mahali katika Fizikia ya Kwanta na Mzigo Unaobebwa na Kiswahili



1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona mtu wa isimu akitangaza mada ya fizikia. Sikuja kufundisha fizikia mbele ya wanafizikia. Nimekuja kuchunguza sentensi ambazo sisi, wasemaji wa Kiswahili, tunalazimika kuzitunga tunapotaka kueleza jambo moja mahususi la sayansi hiyo: linalotokea pale ambapo mahali pa chembe ndogo kama elektroni panapimwa.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, ili kuadhimisha miaka 100 ya nadharia hiyo. Wakati huohuo mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania au wa Kenya hufundishwa fizikia kwa Kiingereza. Aghalabu huondoka darasani akijua kukokotoa lakini asiweze kumweleza mwenzake, kwa lugha wanayoizungumza wote wawili, ukokotozi huo unadai nini kuhusu ulimwengu. Mjadala wetu kuhusu lugha ya sayansi umejikita mno katika istilahi, yaani nomino. Hoja yangu leo ni kwamba katika suala hili ugumu hauko katika nomino. Uko katika vitenzi na viambishi tunavyovitumia bila kuvifikiria, na ambavyo humpa mwanafunzi jibu la swali kabla swali lenyewe halijaulizwa.

2.0 Jaribio lenyewe

Tuanze na tukio halisi. Mwaka 1989 mwanafizikia wa Japani, Akira Tonomura, pamoja na wenzake wa maabara ya kampuni ya Hitachi, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa hadubini ya elektroni. Elektroni zilirushwa kuelekea uzi mwembamba mno wenye chaji chanya, nazo ziliweza kupita upande huu au upande ule wa uzi huo kabla ya kufika kwenye kigunduzi. Mkondo ulikuwa hafifu kiasi kwamba ilikuwa nadra kwa elektroni mbili kuwa ndani ya chombo kwa wakati mmoja. Kila elektroni ilisafiri peke yake.

Kila elektroni ilipofika iliacha nukta moja. Haikuacha ukungu wala nusu ya nukta. Elektroni 10 za kwanza zilionekana kama zimetawanyika ovyo, na hata baada ya 100 hapakuwa na umbo la kutambulika. Lakini zilipofika maelfu, na hatimaye 70,000 hivi, nukta hizo zilijipanga kuwa milia: mlia uliojaa, mlia mtupu, mlia uliojaa tena. Milia ya namna hii ni alama ya mawimbi. Hutokea pale ambapo wimbi lililopita njia mbili hukutana na kujijazia mahali fulani, na kujifuta mahali pengine.

Ukiongeza chombo kinachoweka kumbukumbu ya upande ambao kila elektroni imepita, milia hutoweka. Kwa hiyo tuna mambo mawili ya kuyaeleza kwa pamoja. Uenezi wa elektroni hufuata mwenendo wa wimbi linalopita pande zote mbili. Upatikanaji wake huwa daima katika nukta moja.

3.0 Fanksheni ya wimbi

Chombo cha kihisabati kinachoeleza uenezi huo huitwa fanksheni ya wimbi, nayo huandikwa kwa herufi ya Kigiriki ψ. Mlinganyo unaoiongoza ulitolewa na Erwin Schrödinger mwaka 1926. Yeye mwenyewe alitamani wimbi hilo liwe kitu halisi kilichotandazwa angani, kama maji yalivyotandaa baharini. Mwaka huohuo Max Born alitoa ufafanuzi uliodumu: ukichukua ukubwa wa fanksheni mahali fulani na kuutafutia mraba, unapata uwezekano wa elektroni kupatikana mahali hapo iwapo kipimo kitafanyika. Kwa kazi hiyo Born alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954.

Ikumbukwe kwamba fanksheni yenyewe si uwezekano. Uwezekano hauwezi kuwa hasi, ilhali thamani za fanksheni zaweza kupingana na kufutana, na ndiyo sababu ya kuwapo milia mitupu. Kama elektroni ingekuwa imepita upande mmoja tu, kama mtu apitavyo mlango mmoja nasi tukawa hatujui ni upi, tungejumlisha uwezekano wa pande mbili na jumla isingepungua kamwe. Lakini inapungua, hata kufikia karibu na sufuri. Kufungua njia ya pili kunafanya baadhi ya mahali pasifikike. Kutojua kwetu peke yake hakuwezi kufanya kazi hiyo.

4.0 Tukio la kupima

Kabla ya kigunduzi, fanksheni ya elektroni moja imeenea katika eneo pana. Baada ya nukta kutokea, fanksheni inayofaa kutabiri kitakachofuata ni nyingine: imejikusanya katika kijieneo kidogo penye nukta, na kwingineko kote ni sufuri au karibu na sufuri. Badiliko hili la ghafla ndilo kiini cha mada yetu.

Katika mkutano wa Solvay uliofanyika Brussels mwaka 1927, Albert Einstein alilieleza tatizo kwa mfano rahisi. Elektroni inapita kwenye kitundu, na wimbi lake linaenea kama nusu tufe hadi kwenye kioo kipana. Nukta inatokea mahali pamoja. Je, ni kwa njia gani mahali pengine pote, ambapo wimbi lilikuwa limefika vilevile, panazuiwa kutoa nukta ya pili saa ileile? Einstein aliona kwamba, ikiwa fanksheni ya wimbi ndiyo maelezo kamili ya elektroni, basi kuna jambo linalovuka umbali papo hapo. Yeye alielekea kuamini kwamba maelezo hayo hayajakamilika.

Mwaka huohuo Werner Heisenberg, katika makala yake kuhusu ukomo wa uhakika, alieleza kwamba kila kipimo cha mahali hulipunguza upya bunda la mawimbi lililokuwa limetanuka. Mwaka 1932 John von Neumann, katika kitabu chake cha misingi ya kihisabati ya nadharia hii, alizitenganisha waziwazi aina mbili za mabadiliko. Aina moja hufuata mlinganyo wa Schrödinger, nayo ni laini, endelevu na yenye kutabirika kikamilifu. Ya pili hutokea wakati wa kupima, nayo ni ya ghafla na ya kibahati. Nadharia haisemi waziwazi ni tukio gani linastahili kuitwa kipimo, wala ni wapi aina ya kwanza inaipisha ya pili. Hilo ndilo wanafizikia wanaloliita tatizo la kipimo.

Mambo mawili yanahitaji kusisitizwa. Kwanza, kipimo hakimhitaji mtu mwenye kutazama. Kigunduzi kikiacha alama ya kudumu usiku maabara ikiwa tupu, milia inayotokana na njia mbili imekwisha kuathirika. Pili, hakuna kipimo kinachoirudisha elektroni kwenye nukta isiyo na upana. Kila kigunduzi kina upana wake, na kadiri eneo linavyobanwa ndivyo mwendo unavyokosa uhakika. Elektroni ikibanwa ndani ya upana wa atomu, yaani sehemu moja ya bilioni kumi ya meta, kasi yake inakuwa na utata usiopungua kilometa 580 hivi kwa sekunde. Ikiachwa huru kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, fanksheni yake itakuwa imetanuka kiasi cha nusu meta kila upande.

Linganisheni na nazi yenye uzito wa kilo 1. Tuseme mahali pake panajulikana kwa usahihi wa sehemu moja ya elfu ya milimeta. Utata wa lazima wa kasi yake ni mdogo kiasi kwamba kama nazi hiyo ingeachwa tangu mwanzo wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, utata uliotokana na kasi hiyo usingefikia upana wa atomu moja. Lugha zetu zimelelewa katika ulimwengu wa nazi. Si ajabu zikipata taabu katika ulimwengu wa elektroni.

5.0 Ngeli za mahali

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, na kwa namna ya kuvutia. E. O. Ashton, katika sarufi yake iliyochapishwa mwaka 1944, alieleza kwamba ngeli ya PA- huonyesha mahali bayana, KU- huonyesha mahali pasipo bayana au eneo kwa jumla, na MU- huonyesha undani. Mwalimu husema: kitabu kipo hapa mezani, kiko huko maktabani, kimo mkobani. Ni kweli kwamba katika usemi wa kila siku, hasa Kenya, -ko imemeza sehemu kubwa ya kazi ya -po, na katika Kiswahili cha Kongo iko hutumika hata kama kitenzi kishirikishi. Hata hivyo, katika Kiswahili sanifu tofauti hiyo ingali hai.

Mtu aweza kuvutiwa kusema kwamba mambo yamekwisha: kabla ya kipimo elektroni iko, baada ya kipimo elektroni ipo. Sentensi hiyo ni nzuri kwa kuikumbuka, nami sikatai itumiwe na mwalimu kama ngazi ya kwanza. Ina faida kwamba hata PA- si nukta: hapa yaweza kuwa kiti hiki, ukumbi huu au nchi hii, kwa kadiri ya kipimo cha msemaji, kama ambavyo kila kigunduzi kina upana wake. Hali kadhalika MU- inatufaa sana. Kwamba elektroni imo katika atomu ya hidrojeni ni kauli tunayoweza kuitoa kwa uwezekano unaokaribia uhakika, hali hatuna haki ya kusema ipo upande huu wa kiini au ule.

Lakini ngazi hiyo ina ufa. Nikisema Asha yuko sokoni, KU- yangu haidai kwamba Asha ametandaa sokoni kote. Inadai tu kwamba mimi sijui, au sijali kutaja, alipo hasa. Asha mwenyewe yupo mahali pamoja, penye kibanda fulani, na yeyote anayemfuata atamkuta papo. Kwa maneno mengine, KU- ya Kiswahili ni ukosefu wa ubayana katika taarifa ya msemaji. Milia ya Tonomura inaashiria, kwa ufafanuzi wa wanafizikia wengi, ukosefu wa ubayana katika jambo lenyewe. Mwanafunzi anayesikia elektroni iko ataielewa kama Asha, naye atakuwa amejifunza jambo ambalo nadharia haikulisema.

Nomino mahali nayo ina mzigo wake, kwani huvuta upatanisho wa PA-. Tukiuliza mahali pa elektroni kabla ya kipimo palikuwa wapi, sarufi imekwisha kukubali kwamba palikuwapo. Kauli inayopendwa na waandishi wa magazeti, kwamba elektroni huwa mahali pawili kwa wakati mmoja, haiponyi ugonjwa huo bali inauzidisha, maana ingekuwa hivyo tungetarajia nukta mbili, nazo hazijapata kuonekana kwa elektroni moja.

6.0 Vitenzi vya kupima

Mzigo mkubwa zaidi umo katika vitenzi. Kitenzi kukuta kina dhanio la awali: nilimkuta amelala humaanisha alikuwa amelala kabla sijafika. Kwa hiyo sentensi kama tulipopima tuliikuta elektroni penye nukta inasema mambo mawili, kwamba tumeona nukta na kwamba elektroni ilikuwa hapo kabla. La kwanza ni taarifa ya maabara. La pili ni falsafa, tena yenye wapinzani wengi. Kupima chenyewe kinatoka katika ulimwengu wa pishi na kibaba, ambamo mchele una kiasi chake kabla haujatiwa katika pishi. Kudhihirika na kubainika vina kasoro ileile, kwani hudhihirika kilichokuwa kimefichika.

Kitenzi chepesi zaidi ni kupata, hasa katika umbo la kupatikana. Kinasema lililotokea bila kudai lililotangulia. Tena ndani yake hukaa maana mbili tunazozihitaji: uwezekano na utukiaji. Kabla ya kipimo elektroni yaweza kupatikana huku au kule. Baada yake imepatikana hapa. Faida nyingine ni ya kauli. Kauli ya kutendwa humwalika mtenda: imepimwa, na nani? Kauli ya kutendeka haimhitaji. Kwa kuwa fizikia haidai kuwapo kwa mtazamaji, imepatikana inaikinga sentensi dhidi ya imani kwamba akili ya mtu ndiyo inayoibadili elektroni.

Linabaki badiliko lenyewe. Istilahi ya Kiingereza imejengwa juu ya picha ya jengo linaloanguka, na wengi wetu huifasiri kwa kuporomoka. Napingana na tafsiri hiyo kwa sababu mbili. Kinachoporomoka hutoka juu kikaenda chini na kuwa kifusi, ilhali fanksheni baada ya kipimo haikuharibika. Ni fanksheni kamili, ila nyembamba. Isitoshe, jengo lililoporomoka halijiinui, ilhali fanksheni huanza kutanuka upya mara tu baada ya kipimo, kama tulivyoona.

Ninapendekeza kitenzi kunywea. Mtu aliyekuwa akitamba barazani, aliposikia sauti ya mzee wake, akanywea. Tunaposema hivyo tunamaanisha kwamba alijikusanya ghafla kwa sababu ya kukabiliwa na kitu kingine. Hakuvunjika, na mzee akiondoka yaelekea atatamba tena. Kunywea kwa fanksheni ya wimbi kunabeba ughafla, sababu, na uwezo wa kutanuka tena. Kipo kitenzi kingine cha umbo hilohilo kitokanacho na kunywa, lakini muktadha unatosha kuvitenga. Tena kunywea kunakaribiana na wazo la kupungua alilolitumia Heisenberg kuliko kuporomoka.

7.0 Mjadala usiofungwa

Yawezekana mtu akauliza: mbona nasisitiza lugha isiyoegemea upande? Kwa sababu pande zipo, na kila moja ina watetezi makini. Mkondo unaohusishwa na Niels Bohr na jiji la Copenhagen hukataa kuzungumzia mahali pa elektroni nje ya kipimo. David Bohm alionyesha mwaka 1952 kwamba inawezekana kujenga nadharia yenye matokeo yaleyale, ambayo ndani yake elektroni daima ipo mahali bayana ikiongozwa na wimbi. Kwake yeye kukuta ni kitenzi halali, na fanksheni hainywei kabisa. Huonekana tu kana kwamba imenywea. Hugh Everett alidai mwaka 1957 kwamba hakuna kunywea kokote: matokeo yote hutokea, kila moja katika tawi lake. Mwaka 1986 Ghirardi, Rimini na Weber walipendekeza kwamba kunywea ni tukio halisi la kimaumbile, linalotokea lenyewe kwa nadra katika chembe moja na kwa haraka katika vitu vyenye chembe nyingi.

Uchunguzi wa jinsi mazingira yanavyoziondolea hali za kwanta uwezo wa kuingiliana, ulioanzishwa na H. Dieter Zeh mwaka 1970 na kuendelezwa na Wojciech Zurek, umeeleza vizuri kwa nini hatuoni milia ya nazi. Lakini haujaeleza peke yake kwa nini nukta hii ndiyo iliyotokea, wala si ile.

Wala uhuru wa kuchagua si mtupu. Mwaka 1964 John Bell alithibitisha kwamba nadharia yoyote inayodai kuwa majibu ya vipimo yalikuwapo tangu awali, na papo hapo ikakataa athari za ghafla kati ya vitu vilivyo mbali, haiwezi kutoa matabiri yote ya nadharia ya kwanta. Majaribio ya fotoni yaliafikiana na nadharia ya kwanta, na waliotangulia katika kazi hiyo, Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Anayetaka kuitendea elektroni kama Asha wa sokoni anaruhusiwa, kama Bohm alivyofanya, lakini lazima alipe gharama ya athari zinazovuka umbali papo hapo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa kitenzi kukuta amekwisha kununua bidhaa hiyo bila kuonyeshwa bei.

8.0 Hitimisho

Sidai kwamba babu zetu waliijua fizikia ya kwanta kwa kuwa na ngeli tatu za mahali. Ngeli haitabiri milia. Wala sidai kwamba Kiswahili kimepungukiwa kuliko lugha nyingine. Kijerumani cha Heisenberg na Kiingereza cha leo vina mizigo yao, na sehemu ya mzigo huo ndiyo tuliyoipokea katika neno kuporomoka. Ninachodai ni kwamba lugha inayotenga ipo na iko, kukuta na kupata, kupimwa na kupatikana, inao uwezo wa kulieleza tatizo hili kwa usahihi unaostahili, mradi anayeitumia ajue kila umbo linadai nini.

Hivyo basi, kazi ya kuandaa vitabu vya sayansi haiwezi kukamilika kwa orodha za istilahi pekee. Kamusi itatupatia elektroni na fotoni. Haitatuambia kwamba kitenzi tulichokichagua kimeamua mgogoro ambao Einstein na Bohr hawakuuamua. Kazi hiyo inamtaka mwanafizikia na mwanaisimu waketi meza moja, wa kwanza akisema nini kimethibitishwa na wa pili akisema sentensi imedai nini zaidi ya hapo. Kwa sasa niruhusuni nipendekeze sentensi moja ambayo, kwa kadiri ya uchunguzi wangu, haidai zaidi ya inavyopaswa: kabla ya kipimo fanksheni ya wimbi imeenea, na elektroni yaweza kupatikana popote ilipoenea, kipimo kikifanyika, elektroni hupatikana mahali pamoja, na fanksheni tunayoitumia kutabiri yanayofuata ni ile iliyonywea hapo. Swali la elektroni ilikuwa wapi kabla ya hapo libaki kuwa swali, na mwanafunzi aelezwe hivyo.